Sauti ya Budi Mbele ya Majaji

Niseme mapema ili tusije tukasumbuana huko mbele: tuzo hii sikuiomba. Ningeulizwa mimi, ningesema apewe tena yule bwana mtafiti wa popo, maana yeye anapenda kupigwa picha. Lakini Tuzo ya Mamalia haiombwi. Umekaa zako kituoni unachambua choroko, unanyanyua macho, unaona magari manne yanashuka kilimani bila mlio wowote, vumbi tu nyuma yake, na kwenye milango imechorwa ile alama ya mama na mtoto ambayo kila mtu wa kazi zetu anaijua.

Choroko nilizimwaga nusu.

Tuzo hii haina ukumbi. Hakuna kapeti, hakuna kwaya, hakuna mgeni rasmi anayechelewa saa tatu. Majaji watano huja na mahema yao, wanakaa na mnyama siku tatu, na asubuhi ya siku ya tatu mshindi hukabidhiwa nishani mbele ya mnyama mwenyewe. Mnyama asipotokea, hakuna tuzo, watu wanakunja mahema wanakwenda zao. Bwana wa popo alikabidhiwa ndani ya pango, na nishani ikapata kinyesi kabla hajaivaa. Mpaka leo hajaifuta.

Na kuna jambo la pili, hilo ndilo lililonikaa rohoni. Kinachotuzwa huenezwa. Nchi kumi na saba zimetia saini kwamba njia ya mshindi itatumika katika hifadhi zao zote ndani ya mwaka mmoja. Nishani ni kipande cha chuma, lakini uenezaji huo ni mkubwa kuliko mimi na kituo changu chote.

Mimi ni Gaudensia Kihwele, fundi wa sauti wa kituo cha Lyambogo. Si profesa. Njia yangu iliokoa tembo thelathini na mmoja, nayo ni uongo.

*

Mwenyekiti wa majaji alikuwa Dokta Halma Godana, mama wa Marsabit, mwembamba, mwenye miaka sitini na kitu, thelathini kati yake akiwa ameimalizia kwa punda milia wa kaskazini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akavua viatu, akasimama mchangani kwa nyayo zake.

"Haya, nionyeshe," akasema. "Maneno nimesoma kwenye ndege."

Nikampeleka kwenye kibanda cha mitambo kando ya mto. Mto Lyambogo mwezi wa kumi ni mchanga mtupu, isipokuwa madimbwi machache upande wa pili wa reli ya mwendokasi. Kwenda kwenye madimbwi hayo kuna njia mbili. Moja ni kivuko cha chini ya reli, kirefu, chenye giza, kilichojengwa kwa ajili ya wanyama, na wanyama walikikataa tangu siku kilipofunguliwa. Nyingine inapita kijiji cha Ikoga.

"Tembo anazungumza kwa mngurumo wa chini sana," nilimwambia. "Sikio letu halishiki. Unasafiri ardhini kilomita kumi, na mwenzake anaupokea kwa miguu. Tumezika vinasa sauti mia mbili na spika arobaini. Huyu hapa tunamwita Mkalimani." Nikagonga kioo cha mashine. "Anatambua nani anamwita nani. Maana majina wanayo, Dokta, wamepeana wenyewe. Anaandika wanachosema, na ukimwagiza anawajibu."

"Kwa sauti ya nani?"

"Ya Budi."

Budi alikuwa bibi wa kundi. Hakuwa na pembe, na tembo wa namna hiyo huitwa budi, kwa hiyo hatukuhangaika kumtafutia jina jingine. Nilimrekodi miaka kumi na moja. Alikufa mwaka ule ambao meno yake ya kutafunia yalikwisha, peke yake, kwenye tope, na kundi lake likabaki kilomita tisa mbali linasubiri aseme neno. Mwaka uliotangulia Ikoga walikuwa wamezika watu watatu, na askari wakapiga risasi tembo watano. Sasa kundi lilikuwa na kiu, halina bibi, na upepo ulikuwa unatoka upande wa mahindi ya Ikoga. Nikachukua ile miaka kumi na moja ya sauti, nikampa Mkalimani, nikawaita kwa mdomo wa marehemu. Wakageuka wote. Wakapita kivukoni, mmoja nyuma ya mwingine, kwenye giza lile walilolikataa, kwa sababu bibi yao alikuwa anawaita ng'ambo.

Hiyo ndiyo habari waliyoisoma majaji. Niliposimulia, watatu kati yao walipangusa macho.

Nikabonyeza. Kwa sikio husikii kitu. Unahisi kifua kinajaa, na vumbi la juu ya meza linatetemeka kidogo. Kwenye kioo yakatokea maandishi: BUDI: MIMI HAPA. NJOONI.

Robo saa ikapita. Halafu miti ya ng'ambo ikasogea, wakatoka.

Nimewaona mara maelfu na bado huacha nilichoshika nikatazama. Thelathini na wanane sasa, maana wamezaana. Huwezi kuamini mwili mkubwa vile unaweza kukanyaga bila kishindo. Walikuja moja kwa moja mpaka kwenye spika namba saba, hatua hamsini kutoka kibandani, na jaji mmoja kijana akajikuta ameshika mkono wa mwenzake bila kujua. Hata mimi niliyewaita nilijiona mdogo, nikaona haya kidogo, sijui kwa nini.

Dokta Halma ndiye aliyeniuliza, kwa sauti ya chini.

"Wakifika, wanamkuta nani?"

"Wanakuta njia ya kwenda majini, Dokta."

"Sikuuliza wanakuta nini."

Pale kwenye spika tembo walikuwa wamefanya duara. Walinusa mchanga, wakaupapasa kwa mikonga, wakageuka huku na huku. Mkubwa wao, bintiye Budi, tuliyempa jina la Chelewa kwa sababu tangu tuanze kumrekodi alikuwa wa mwisho kufika kila mahali, alisimama mguu mmoja umenyanyuka. Walikaa hivyo dakika kumi. Kisha wakaenda zao kivukoni. Kila siku hufanya vile, kwa miaka sita, na mimi nilikuwa nimeandika kwenye ripoti kwamba wanapumzika.

*

Jioni ya siku ya pili nilimkuta Mzee Fulgensi Mhapa ameketi mlangoni mwa stoo, bunduki yake ya dawa ya usingizi magotini. Mzee Mhapa ni askari wa wanyamapori, mzaliwa wa Ikoga, na ndiye mtu pekee aliyekuwa nami siku tulipomkuta Budi kwenye tope. Ndiye pia tuliyefanya naye lile jambo jingine.

Tembo hawaachi mifupa ya mwenzao hivi hivi. Wakiikuta wanasimama, wanaishika, wanaigeuza. Tulijua kwamba wakimkuta Budi mfupa, sauti ya Budi haitafanya kazi tena. Kwa hiyo tulimkusanya. Siku nne na trekta, mimi na yeye, mpaka kidole cha mwisho. Mingine tuliizika mbali, na fuvu tukalitia stoo chini ya turubai kwa sababu lilitushinda kuzika, na kila mara nilipokwenda kuchukua betri nililipita nikiwa nimeangalia pembeni.

"Mzee, kesho nataka tulitoe," nikamwambia.

Hakuuliza nini. "Umechanganyikiwa."

"Wiki tatu zilizopita nilikuwa nasafisha kumbukumbu ya Mkalimani. Nikakuta chumba kimejaa miito. Mwanzoni kabisa nilimwagiza asinionyeshe mwito unaojirudia, nilidhani ni kelele. Unajua ni mwito gani? Ni jina la Budi. Kila alfajiri, kila mmoja wao. Budi, uko wapi. Miaka sita. Na mashine inawajibu mimi hapa, wanakuja, hayupo, wanadhani amewatangulia kidogo."

Mzee Mhapa akatazama chini.

"Chelewa ana miaka arobaini na moja," nikaendelea. "Mama yake alianza kuongoza akiwa na thelathini. Chelewa hajawahi hata siku moja kusema twende, nimetafuta kote. Ataanzaje, na bibi yupo? Hata ndama waliozaliwa juzi wanamwita Budi. Hawajamwona, wanamwita. Na mimi nikipokea ile nishani, mwakani makundi mia nne yatakuwa na bibi waliokufa wanaozungumza."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi na mimi nikwambie." Aliweka bunduki chini. "Miaka sita hatujazika mtu Ikoga. Wewe unahesabu miito, mimi nahesabu hiyo. Mdogo wangu alikanyagwa mlangoni kwake, Gaude, ametoka kumwaga maji ya vyombo. Hao tembo wakiwa na huzuni, wawe nayo. Mimi sitaki kuchimba."

Alikuwa na haki yote. Nilikaa naye pale kizingitini mpaka chai ikapoa.

Kisha nikajikaza, nikaenda hemani kwa Dokta Halma, nikamweleza kila kitu, fuvu, chumba cha miito, mpaka zile ripoti za kupumzika. Alisikiliza hali anasuka kamba ya kiatu iliyokatika.

"Ukifanya hivyo siwezi kukupa tuzo," akasema mwishoni. "Si adhabu. Hakutakuwa na kitu cha kutuza. Njia yako itakuwa imekufa."

"Najua."

"Na wakienda kijijini?"

"Hilo ndilo linaloniua."

Akaifunga kamba, akaivuta kuijaribu. "Mimi ni jaji, Gaudensia. Mimi hukaa, hutazama. Sikuambii fanya, na sikukatazi. Lakini wajulishe watu wa Ikoga kabla usiku haujaingia, hiyo nakuamuru kama mtu mzima."

Nilipotoka, nikakuta mwanga wa pikipiki ya Mzee Mhapa unashuka barabara ya Ikoga. Alikuwa ameshakwenda kuwajulisha, bila kuniaga. Alfajiri trekta lilikuwa limewashwa, fuvu limefungwa kwa mikanda juu ya tela, naye ameketi kwenye usukani amenuna.

"Usiniangalie," akasema. "Panda."

*

Saa moja na nusu asubuhi fuvu lilikuwa mchangani, juu kabisa ya spika namba saba. Kwenye jua lilionekana kubwa kuliko nilivyolikumbuka. Majaji walikuwa wameketi kwenye mabenchi yao, nishani ndani ya kisanduku juu ya meza, na kwa nyuso zao nilijua Dokta Halma amewaambia.

Ilibidi niwaite. Hilo nalo lilinichoma: ili niwaonyeshe ukweli, ilinibidi nidanganye mara moja zaidi. Nikabonyeza. BUDI: MIMI HAPA. NJOONI. Kisha nikachomoa waya mkuu wa spika zote arobaini, nikaushika mkononi.

Walitoka mitini kama kawaida. Chelewa alikuwa mbele, si kwa uongozi, ni kwa ukubwa tu. Alitembea hatua thelathini, akasimama. Kundi zima likasimama. Nilisikia majani yakiacha kutafunwa.

Halafu Chelewa akaenda peke yake.

Tembo wanaposalimiana, mmoja hutia ncha ya mkonga mdomoni mwa mwenzake. Nimeliona jambo hilo siku zote na halinishtui. Chelewa alilifikia fuvu, akalinusa juu, akalinusa pembeni, mahali pasipo na matundu ya pembe. Kisha akashusha mkonga taratibu, akautia pale palipokuwa mdomo, akautuliza.

Dokta Halma alisimama akavua kofia. Wengine nao wakasimama. Hatukuwa tumepanga.

Wakaja wote. Wakubwa kwanza, waliomjua, kila mmoja kwa zamu yake, mdomoni, halafu paji la uso. Mmoja aliligeuza kwa mguu wa mbele, kwa upole ambao mimi sijawahi kuwa nao nikiosha kikombe. Wengine waligeuka, wakalipa mgongo, wakasimama wakiligusa kwa mguu wa nyuma. Nikamtazama Mkalimani. Kioo kilikuwa cheupe. Saa ile kila siku huwa kimejaa maandishi mpaka yanapishana, lakini dakika arobaini nzima halikuandikwa neno. Nimefanya kazi ya sauti miaka kumi na saba, na sijawahi kusikia kitu kikubwa kuliko kimya kile. Nililia, na sikujificha.

Aliyekivunja ni ndama wa miaka mitatu. Yeye fuvu halikumhusu. Alizunguka miguu ya wakubwa, akatafuta mchanga wa juu ya spika, akakanyaga. Kioo kikaandika: BUDI. UKO WAPI?

Mashine ilikuwa na jibu tayari. Nililiona limejipanga kwenye kioo, linasubiri waya.

BUDI. UKO WAPI?

Wakubwa hawakujibu. Ndama akazunguka, akaita mara ya tatu, na sasa hata sisi tulisikia, maana sauti ilipanda ikawa kilio cha kawaida cha mtoto.

Chelewa akanyanyua kichwa. Nilihisi kifua kinajaa, na safari hii haikuwa mimi niliyebonyeza.

CHELEWA: MIMI HAPA.

Ndama akamkimbilia, akajipenyeza chini ya shingo yake. Chelewa akamgusa, akatazama huku na huku akinyanyua mkonga hewani, akiupima upepo. Halafu maandishi yakatokea kwa rangi ya manjano, rangi ambayo Mkalimani huitumia kwa mwito asiowahi kuurekodi kwa mnyama huyo.

CHELEWA: TWENDE.

Wakaenda. Wote thelathini na wanane, nyuma yake, bila mmoja kubaki. Wakakiacha kivuko cha reli kushoto, wakashika njia ya Ikoga.

"Rudisha waya," Mzee Mhapa alisema.

Niliukaza mkononi.

"Gaude. Mwite. Bado wako karibu."

"Nikimwita leo, Mzee, nitamwita mpaka nife."

"Na mtu akifa huko?"

"Nitakuwa nimemuua mimi. Nitakwenda kwa miguu yangu kusema."

Alinitazama kitambo, na sitamani kutazamwa vile tena. Kisha akachukua redio na king'ora, akapanda pikipiki, akakata kona ya juu ili awatangulie.

Nilibaki na waya mkononi. Tundu lake lilikuwa pale, umbali wa shubiri moja. Sitakudanganya kwamba nilikuwa na msimamo. Mara mbili niliusogeza mpaka chuma kikagusa chuma. Dokta Halma alikuja akasimama kando yangu, hakunishika. Tulikaa hivyo mpaka redio ikakwaruza.

"Wamefika barabarani," sauti ya Mzee Mhapa ilisema. "Watu wako ndani, ila kuna mama mmoja amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Hajui aingie au akimbie. Chelewa amesimama mbele yake."

Nikafumba macho.

"Bado amesimama. Ananyoosha mkonga... ananusa tu. Amempita. Wanapita wote, Gaude. Mstari mmoja, katikati ya nyumba. Ndama wawili wameingia kwenye mahindi. Chelewa amerudi. Amewafuata, amewatoa kwa kichwa, anawasukuma barabarani."

"Wanakwenda wapi?" nilipaza sauti.

Kwenye redio nilisikia pikipiki yake ikinguruma kupanda.

"Kwenye kivuko cha zamani cha mtoni, cha kabla ya reli. Juu kule, nyuma ya kijiji. Mimi mwenyewe nilionyeshwa na babu nikiwa mdogo, nilidhani kimezibwa. Amekijuaje? Amefukua mchanga kwa mguu. Maji yanatoka, mwanangu. Maji yanatoka."

"Na watu?"

"Watu wametoka nje. Wamesimama wote wanatazama. Hakuna anayepiga debe kuwafukuza. Hata mimi king'ora kiko mkononi, nimesahau kukipiga."

Niliketi chini mchangani. Dokta Halma naye akaketi, mavazi yake ya heshima hivyo hivyo, akakaa akivuta pumzi. Baadaye akanyoosha mkono, jaji kijana akampa karatasi. Ilikuwa tamko la kuondoa njia yangu kwenye Tuzo, ili isitumike katika hifadhi yoyote ya nchi yoyote.

"Umeelewa unachosaini?" akaniuliza.

"Nimeelewa, Dokta."

Nikashika redio kwanza. "Mzee, yale mahindi ni ya nani?"

"Ya mjane Eusebia Ngwada. Mistari mitatu imelala."

Nikatia saini, nikamrudishia kalamu yake, nikaenda Ikoga kumwomba radhi Mama Ngwada.